Barua ya wazi kwa viongozi wa Lindi na Mtwara: Mbegu za kufunika ardhi zije kama inavyokuja salfa

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Lindi na Mtwara, Wakurugenzi wa Halmashauri zetu, Bodi ya Korosho, na viongozi wa vyama vikuu vya ushirika.

YAH: MBEGU ZA MAZAO FUNIKIZI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo mwalimu alivyotufundisha barua ya kikazi darasa la sita, na baada ya hapo sikupata tena mwalimu wa barua. Mimi ni mama mkulima wa Nachingwea. Nina ekari sita za mikorosho, na nyingine nne za kuzungushia ufuta, mahindi na mbaazi. Baadhi yenu ni umri wa wanangu, lakini cheo kina heshima yake. Walionizidi umri, shikamooni. Wadogo, marahaba, nimeipokea kabla hamjaitoa.

Nina jambo moja tu. Kila mwaka salfa, dawa ya mikorosho, inafika AMCOS, yaani chama chetu cha msingi cha ushirika. Inaweza kuchelewa, tunaweza kugombana kwenye mgao, jina la mtu linaweza kurukwa kwenye daftari, lakini inafika, kwa sababu ilishaamuliwa huko juu kwamba bila salfa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, utakausha maua na korosho hakuna. Naomba mbegu za mazao funikizi zipitishwe njia hiyo hiyo. Zije AMCOS, zigawiwe kwa daftari, zifike kabla ya mvua. Mengine yote humu ndani ni ya kueleza kwa nini.

Juzi, kwenye saa nane mchana, nilikatiza shamba langu la ufuta. Tulikata mwezi wa tano, tukausimamisha ukakauka, tukakung'uta kwenye turubai, basi. Tangu hapo shamba limelala uchi. Ndala zangu zilikuwa zimekatika ukanda nimezishika mkononi, na hatua kumi hazikufika nikaanza kurukaruka kama mtoto, mchanga unaunguza. Kusi lilikuwa linavuma, na kila likivuma linaondoka na vumbi kuelekea kwa jirani. Vumbi lile ndilo udongo wangu wa juu, ndilo lenye chakula cha mmea. Jirani simdai. Lake nalo limekwenda kwa mwingine.

Ng'ambo ya kijia kuna nusu ekari ya mbaazi nilizopanda Desemba katikati ya mahindi. Mahindi tulishavuna, mbaazi zimebaki, zimenipita kimo. Nikaingia chini yake kupoza nyayo. Pale majani yamelala tabaka kwa tabaka: ya juu ya njano, yameanguka wiki hii, yanayofuata ya kahawia, ukiyashika yanavunjika, chini kabisa kuna unga mweusi ambao huwezi kusema ni jani au ni udongo. Nikachimba kwa kidole. Kilizama hadi kiungo cha pili bila kulazimishwa, na udongo ulikuwa wa baridi. Jongoo mmoja akajikunja kwa kuonewa. Mvua iliyonyesha huku ndiyo iliyonyesha kule, jembe ni lile lile, na katikati kuna kijia cha kupita baiskeli moja.

Wataalamu wanayaita mazao funikizi, yaani mimea inayopandwa ili ardhi isikae wazi, ivunwe isivunwe. Tone la mvua linapigia kwenye jani badala ya kuupiga udongo. Mizizi inaushika udongo usitembee. Kivuli kinayanyima magugu jua. Na kama mmea ni wa jamii ya kunde, mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaokamata nitrojeni ya hewani na kuupa mmea, na mmea ukioza, sehemu ya nitrojeni hiyo inabaki shambani. Ng'oeni siku moja mche wa kunde ulioanza kutoa maua, mpasue kinundu kwa ukucha. Mkiona ndani pana wekundu kama wa damu, jueni kinafanya kazi. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23, na hizo tunazinunua. Ya hewani haina risiti.

Kwetu kusini jambo hili lina uzito wake. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, halafu ni jua hadi mwaka unakaribia kwisha. Udongo wetu mwingi ni wa kichanga, na ukipanda uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ndiyo kabisa: haushiki maji, haushiki mbolea. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, barabara ya Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakalala njiani. Serikali ilifika na mawe na mitambo, tunashukuru. Udongo wa mashamba uliosafiri mabondeni siku zile hakuna aliyekuja kuupima, maana udongo haupangi foleni ya magari.

Na salfa yenyewe, tusifichane. Unga unaopuliziwa mkorosho hauishii wote kwenye maua. Mwingine unaanguka chini, na salfa ikikaa kwenye udongo inaufanya uwe na tindikali. Watafiti wameyaandika hayo kuhusu mashamba ya korosho ya huku kwetu tangu miaka ya 1990. Udongo wenye mboji unavumilia tindikali kuliko mchanga mtupu. Kwa hiyo mkituletea salfa bila kitu cha kurudisha mboji, ua linapona na mzizi unachoka.

Nachingwea tunajua kuliko wengi habari ya ardhi iliyofyekwa ikaachwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wao wa Karanga, na huku kulikuwa sehemu mojawapo, pamoja na Kongwa na Urambo. Yalikuja matrekta, ikajengwa bandari Mtwara, ikatandikwa reli mpaka huku. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Marehemu baba alifanya kibarua cha kung'oa visiki. Kila alipotusimulia, karanga hakuzitaja. Alitaja vumbi.

Sasa najua mtaniuliza: kama ni jambo zuri hivyo, mbona mama umefunika nusu ekari tu?

Miaka kadhaa iliyopita ulikuja mradi, jina nalihifadhi. Tulikusanywa chini ya mwembe, tukapewa soda na fulana, na kila mmoja kilo mbili za mbegu ya mukuna. Mukuna ni ndugu yake upupu, ila huyu hawashi. Hata hivyo watu waliposikia ukoo wake, wengi waliziacha mbegu pale pale chini ya mwembe. Mimi nilipanda, katikati ya mikorosho michanga ya miaka miwili. Ilistawi ajabu. Wiki chache tu ardhi haionekani, magugu yamekufa, nikaanza kuringa. Nikapata msiba Masasi, nikakaa huko siku tisa. Niliporudi nilikuta mikorosho kumi na mmoja imevikwa shela kuanzia kichwani hadi chini, haipumui. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mukuna inaparamia mti, na lazima uikate mapema au uipande mbali na miche. Nilishinda siku nzima na kisu nikifungua mti mmoja mmoja. Minne ilikufa.

Bado nikavuna magunia mawili ya mbegu. Nikamuuliza mtaalamu nimuuzie nani. Akaniambia mbegu hizi haziliwi hivi hivi, mpaka uchemshe na kumwaga maji mara kadhaa, zina kemikali ndani yake, na mnunuzi kwa sasa hayupo. Mwaka uliofuata mradi ukafunga ofisi. Magunia yakakaa darini mpaka panya wakayachoka.

Sisemi mukuna ni mbaya. Kwenye shamba lililochoka, lisilo na mti, sijaona cha kuishinda. Marejea pia, mmea mwingine wa jamii ya kunde, ambayo wamonaki wa Peramiho kule Songea waliihimiza sana miaka ya 1980, inafufua shamba. Lakini mtu mwenye ekari tatu na watoto wanne hawezi kutoa msimu mzima aulishe udongo huku watoto wanaitazama sufuria. Akipanda kitu anataka kukila au kukiuza. Kikimfunikia na ardhi, hapo mmeelewana naye.

Na hili si wazo la maskini peke yake. Wakulima wa mahindi na soya wa Marekani wana shida inayofanana na yetu, ila yao ni ya baridi: wakivuna, ardhi inakaa wazi mpaka majira yabadilike. Chuo Kikuu cha Minnesota wanaboresha mbegu za mimea ya mafuta inayovumilia baridi, kamelina na wenzake, ili mkulima apande baada ya mavuno, ardhi ifunikwe, na baridi ikiisha avune kitu cha kuuza. Jimbo la Iowa nalo lilianza mwaka 2017 kumpunguzia mkulima aliyefunika ardhi dola 5 kwa ekari kwenye bima ya mazao. Wenzetu wanahangaika maabara kutafuta mmea utakaofunika ardhi na bado uende sokoni. Sisi tumeurithi. Unaitwa mbaazi, na mdogo wake ni kunde.

Ila mbaazi tuliichongea wenyewe. Mnunuzi mkubwa alikuwa India, na tulimtegemea kama mtoto anavyotegemea mgongo wa mama. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi za kuingiza nchini mwao, na bei huku ikaanguka mpaka gharama ya kuvuna ikaizidi. Zangu niliziacha shambani zikapasuka. Mwaka uliofuata nikapanda ufuta mtupu, na uliofuata ufuta tena, kwa sababu ufuta ulikuwa na bei. Hivyo ndivyo shamba langu lilivyovuliwa nguo. Hakuna bwana shamba aliyenishauri niache kufunika ardhi. Niliambiwa na mizani. Waheshimiwa, bei ya mbaazi ni sera ya udongo, hata kama hakuna faili lililoandikwa hivyo ofisini kwenu. Kuziingiza mbaazi kwenye stakabadhi ghalani na minada ya TMX, soko la bidhaa la taifa, kumesaidia, bei sasa inaonekana hadharani. Lakini malipo yakichelewa wiki mbili tatu, mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, anabisha hodi usiku, na tunamfungulia.

Sasa niwaambie namna ya kuongea na mkulima, maana wanaotumwa kwetu huanza na mabadiliko ya tabianchi na hewa ya ukaa, na kufikia hapo watu wanatazama saa. Anzeni na palizi.

Shamba la korosho lazima liwe safi kufikia Septemba, kwa sababu korosho inaanguka chini na tunaiokota kwa mkono. Penye magugu mali inabaki kwenye nyasi. Kwa hiyo tunapalilia na kufyeka tangu mvua hadi kiangazi, na anayeinama mara nyingi ni mwanamke. Mwaka juzi, kwenye ekari mbili za mikorosho, nilipanda kunde katikati ya mistari. Tulielekezwa kupanda mikorosho mita 12 kwa 12, na wakati miti bado haijakutana matawi nafasi hiyo ni uwanja wa mpira wa watoto. Pale penye kunde nilipalilia mara moja. Ekari mbili za kando, zisizo na kunde, nilipalilia mara tatu, kwa shilingi 35,000 kila ekari kila mara. Yaani kunde ziliniokolea shilingi 140,000 za vibarua. Juu ya hapo nilipata madebe matano ya kunde kavu, na majani tulikula mboga mpaka wajukuu wakaomba kisamvu. Masalia yalikauka kwa wakati wake. Agosti nikayakusanya kuzunguka mashina, ardhi ikawa safi ya kuokotea. Mwaka jana sikurudia, na sababu ni ya aibu: kunde niliyoitunza kwa mbegu iliingia wadudu, na nilipozunguka maduka ya pembejeo hapa mjini Januari nzima nilikuta dawa za kila aina, mbegu ya kunde hakuna.

Hapo ndipo penye kidonda. Wakulima wengi niliozungumza nao hawakatai kufunika ardhi. Hawana mbegu siku mvua inaponyesha. Kwa ekari moja mtu anahitaji kunde kilo nane hadi kumi, au mbaazi kama kilo nne. Hiyo si tani za salfa; ni mzigo wa baiskeli. Aina nzuri za mbaazi zilishaidhinishwa nchini zamani, kina Mali, Tumia na Komboa. Watafiti wa kilimo wa kituo cha Naliendele wako hapo Mtwara, wametupa karanga ya Pendo tangu 1998 na imeenea mpaka watu wanadhani ni ya mababu. Sheria inaruhusu vikundi vya wakulima kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora chini ya usimamizi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kila kata ingekuwa na kikundi kimoja cha namna hiyo, AMCOS inunue kwao, itunze kwenye mifuko isiyopitisha wadudu, na mwezi wa kumi na moja igawe kwa mkopo. Mkopaji wa kilo nne arudishe nane akivuna, au akatwe mnadani. Tumezoea makato, kwa mara ya kwanza tungekatwa kwa kitu tunachokiona shambani. Na kama ni fedha ya kuanzia, halmashauri zinachukua ushuru wa asilimia 3 kwenye korosho na ufuta wetu. Sehemu ndogo ya fedha hiyo irudi kwenye udongo ilikotoka.

La pili ni moto na mifugo, na hapa naomba ujasiri wenu kuliko fedha zenu. Ninaweza kufunika shamba langu vizuri, kisha Septemba kijana mmoja anawasha moto kutafuta samaki nchanga. Wageni wakisikia jina hilo wanadhani tunavua. Ni panya wa shambani, na mimi mwenyewe nikikaangiwa sikatai. Lakini panya watano wanaunguza majani ya mwaka mzima ya watu ishirini. Wanaweza kuchimbuliwa kwa jembe na mtego, wazee walifanya hivyo. Mifugo nayo, tangu wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 wakaletwa huku, kiangazi ni mtihani: ng'ombe haulizi kama haya ni masalia au ni shuka la udongo. Siwachukii wafugaji, samadi yao naihitaji. Nachotaka ni sheria ndogo zenye tarehe na faini zinazolipwa kweli kwa moto na kwa mifugo, na njia za ng'ombe zichorwe ardhini, siyo kwenye ramani ya ukumbini. Mnajua wenyewe kwamba nyingi ya sheria hizo zimeshapitishwa. Zimelala kwenye makabati.

La tatu ni dogo. Pikipiki walizopewa maafisa ugani mwaka 2022 tumeziona, zinapita barabarani kwa mwendo mzuri. Zielekezwe mashambani. Shamba darasa liwe la mkulima wa kawaida, katikati ya mikorosho yake, kwa misimu mitatu mfululizo, na ziandikwe gharama za palizi na uzito wa mavuno kwenye ubao pale pale shambani ili kila apitaye asome. Na fulana msilete. Ninazo tatu, zote za miradi iliyokwisha, nazipigia deki.

Kuhusu wanaotushauri kulima bila kukatua kabisa, hilo kwenye udongo wetu naona linahitaji mazungumzo yake, na sitalichanganya hapa.

Mbaazi zangu zitakauka Agosti. Nimechagua mistari sita yenye maganda marefu, nimeifunga vitambaa vyekundu ili wajukuu wasiichume ya kula. Nakisia itatoa madebe matatu ya mbegu. Kunde nimeazima kilo mbili kwa dada yangu wa Ruangwa, nitazizidisha msimu huu. Afisa wa halmashauri au wa chama kikuu atakayekuja kuzipima na kuzisajili atanikuta nyumbani asubuhi kabla ya saa nne; baada ya hapo niko shambani, upande wa mbaazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa korosho, ufuta na mbaazi
Nachingwea, Lindi

Nakala: Mwenyekiti wa AMCOS yetu, ambaye salfa yangu ya mwaka huu bado iko kwenye daftari lake.